Viti vya Kuazima Buterere

Niliondoka Uvira kwa ajili ya macho ya shangazi yangu Feza, anayeishi mtaa wa Buterere, Bujumbura. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemziba yote mawili. Hospitali ingempasua bure, mradi apate karatasi ya umaskini kwa shefu wa zoni, mkuu wa eneo lake. Shefu akamnyima. Nikasema lazima nikauone huo umaskini unaokataliwa.

Asubuhi, kwenye kizuizi cha barabarani cha Gatumba, askari alipekua mfuko wangu wa unga kana kwamba nimeficha mzinga ndani. Vita vilikuwa vimepamba moto, hata unga ulitiliwa shaka. Nilicheka kimoyomoyo tu.

Buterere niliingia mchana, viatu mkononi, kwa matope yaliyotoka kwenye mashamba ya mpunga. Shangazi alinitambua kwa sauti. Kumbe alikwenda ofisini kwa shefu akiwa amejifunga kitenge kipya alichoazima kwa jirani!

"Mutu aende kwa serikali na nguo ya kupasuka?" akanihamakia. "Mi niko masikini, siko mushenzi."

Nikaenda kumsihi shefu aje ajionee mwenyewe. Akakubali kuja alasiri ile ile, kabla njia hazijafungwa jioni kwa ajili ya vita. Kosa langu ni kuwaambia majirani kwamba tuna mgeni. Punde chumba kikajaa viti vya kuazima, redio, kitambaa cha meza na soda. Shangazi naye akajifunga kile kitenge.

Shefu alipoketi, akaipapasa redio.

"Mama, na hii yote, we unaomba karatasi ya masikini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mara radi ikapiga, mvua ikashuka, na Buterere maji hayabishi hodi. Jirani wa kwanza akaingia mbio.

"Pardon, shefu, simama kidogo. Kiti yangu, maji inakuja!"

Wa pili akabeba redio, wa tatu akavuta kitambaa cha meza. Mwenye kitenge alisita mlangoni, akamtazama Shangazi, akasema, "We baki nayo." Akaondoka.

Shefu akabaki wima katika chumba kitupu, soda mkononi, maji yakimwingia viatuni. Akaiandika karatasi akiwa amesimama, kwani pa kukaa hapakuwepo.

Sikurudi Uvira hadi Shangazi alipopasuliwa na bandeji zikatolewa. Shangazi alinitazama usoni, nikalia mbele za watu bila aibu. Tulipofika kwake, akaangaza macho ukutani na sakafuni.

"Ee! Kumbe tuko masikini kweli," akasema. "Kimbia kwa jirani, leta kiti. Leo mi niko na mugeni, ni we."