Siku Buda Aliporudi

Enzi zetu filamu ilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho, na mtu alikaa hapo hapo alipoketi mpaka yote matatu yapite. Nalisema hili kwa sababu mwanangu hutazama filamu kwenye simu huku akiirusha mbele kwa kidole, na ukimuuliza ilihusu nini anakujibu, "Ilikuwa sawa tu." Sisi tuliolelewa mtaa wa Umoja, wakati nyumba zilikuwa bado zinaongezwa chumba kimoja kimoja kuelekea barabarani, tungeweza kukusimulia filamu nzima pamoja na mvua iliyonyesha ndani yake, na hatukuwa tumeelewa neno hata moja.

Hatukuelewa kwa sababu zilikuwa za Kijapani. Jirani yetu Fundi Mutua, mchongaji wa vinyago kutoka Machakos, alikuwa amemchongea mhandisi mmoja wa Kijapani simba wa kupeleka kwao. Mhandisi huyo alipomaliza kazi yake Nairobi alimwachia Fundi televisheni, mashine ya video na katoni zima la kanda, na kanda zote zilikuwa za mwigizaji mmoja. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba huko kwao alikuwa mtu mkubwa, wa kuandikiwa vitabu. Wakati ule tulichojua ni kwamba alikuwa na nyusi nene, alitembea kama mtu ambaye hajachelewa popote, na jina lake lililoandikwa kwenye kanda halikusomeka na yeyote mtaani.

Kwa hiyo tulimwita Buda. Kwa Sheng ya mtaa, buda ni baba, na pia ni mwanamume yeyote mzima ambaye huwezi kumchezea. Alipotokea tu kwenye kioo tulinong'onezana, "Buda ameingia," na hakuna aliyekohoa tena.

Kiingilio hakikuwa pesa. Tulikaa sakafuni juu ya maranda ya mbao, chumba kikinuka rangi ya viatu ambayo Fundi alipaka vinyago vyake, na kila mtoto alipewa twiga na kipande cha msasa, akawa anamsugua huku akitazama. Buda akitulia, tulisugua taratibu. Akichomoa upanga, mikono ilienda mbio bila sisi kujua. Ndiyo maana kuna watalii wengi duniani wenye twiga wa Nairobi ambaye shingo yake imekonda mahali pamoja. Fundi hakulalamika. Alisema wazungu wanapenda kitu ambacho si sawasawa.

Fundi ndiye aliyekuwa mfasiri wetu. Alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba huko kwao, na kwa tafsiri yake kila filamu ilikuwa juu ya mpaka wa shamba. "Huyo mwenye kofia amesogeza mawe," alikuwa akisema, nasi tunamchukia mwenye kofia kwa moyo wote mpaka Buda amalizane naye. Stima zikipotea katikati, kila mmoja alikwenda nyumbani akaimalizia filamu kivyake, na kesho yake zikirudi tuliona kwamba Wajapani wameiharibu. Juzi juzi nilipata moja ya filamu hizo mtandaoni, ikiwa na maandishi ya tafsiri chini. Ilihusu mpaka wa shamba.

Mambo ya Buda yalituingia. Tulipigana kwa fito alizotupa Fundi, tumejifunga leso za mama zetu kiunoni, na kwa kuwa Buda hakuwa mtu wa maneno, tulipigana kimya kabisa. Akina mama walikuwa wakitoka nje kuangalia kama tuko hai. Tulianza pia kuinama tukikutana na wakubwa. Wazee wa mtaa walifurahi. Mwalimu wa zamu shuleni alidhani tunamkejeli, akatuchapa, nasi tukainama kumshukuru, akatuongezea.

Mtu ambaye hakufurahi ni mama yangu. Alikuwa mtu wa Mombasa aliyeletwa Nairobi na ndoa, na Sheng ilimkera kama bati linalokokotwa barabarani. Aliposikia mimi na dada yangu Mwanahawa tunasema Buda hivi, Buda vile, aliuliza, "Buda ndiye nani?" Mwanahawa, aliyekuwa mdogo na mkweli, akamwambia maana yake ni baba. Mama akaweka mwiko chini. "Babenu ana jina lake. Neno hilo sitaki kulisikia nyumbani kwangu."

Hapa ni lazima niseme kwamba baba hakuwepo. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na asubuhi moja alibeba chupa yake ya chai akaenda Kongo, kama alivyokuwa akienda siku zote. Lori lilipatikana ng'ambo ya mpaka, limeegeshwa vizuri, milango imefungwa, mzigo umo. Yeye hakuwemo. Waliotumwa kuuliza walirudi na majibu tofauti, na baada ya muda wakaacha kutumwa. Mama akabaki si mke wala mjane. Hangeweza kukaa eda ya mume ambaye hakuna aliyemwona akifa, na hangeweza kumngoja kwa amani mtu ambaye hakuna aliyemwona akiwa hai. Kila jioni alimpakulia sahani yake, akaifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukili, na asubuhi sisi tulikula kile chakula kwa chai bila kuzungumzia kilikuwa cha nani. Baba nilimkumbuka sana, na ile kawa niliichukia.

Sasa Fundi Mutua, kwa kumpenda Buda, alichukua gogo la mpingo akamchonga, nyusi na yote, akamweka juu ya televisheni. Alasiri moja Maalim Faraj, aliyetusomesha Kurani chuoni karibu na msikiti, aliona chuo chake hakina mtu, akaja kututafuta. Mlangoni alikuta watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wameketi sakafuni, miguu imekunjwa, kimya, na wanaochelewa wanaingia wakiinama mbele ya sanamu ya mtu wa Mashariki ya Mbali. Alimuuliza mtoto aliyekuwa karibu huyo ni nani. Mtoto akamjibu kwa heshima zote, "Ni Buda, maalim."

Maalim alifika kwetu akitweta. "Mama Salim," alisema, akimwita kwa jina langu, hata hajaketi, "hawa watoto washaingia dini ya Buda. Sanamu nimeiona kwa macho yangu."

Mama alivaa buibui lake wakaenda pamoja kushuhudia. Fundi aliwapa viti, akawamiminia chai, na kwa kuwa alikuwa mwungwana, hakuisimamisha filamu. Maalim aliikataa chai, kisha akainywa. Alisema atabaki kidogo kwa ajili ya uchunguzi.

Katika kanda ile Buda alikuwa mchukuzi wa chumvi, mwenye gari la kukokotwa na ng'ombe, akiipitisha milimani kwenda nchi ya mbali. Mkewe alibaki kijijini, na kila jioni alimwekea bakuli la wali kizingitini. Fundi alianza kusema kwamba kuna mawe yamesogezwa, akamtazama mama, akanyamaza. Buda alikufa kwenye kivuko cha mto akijaribu kuwaokoa ng'ombe. Mwenzake alirudi kijijini na mjeledi wake tu, akauweka mbele ya yule mke. Mwanamke hakulia. Alilichukua lile bakuli, akaliosha, akalifudikiza rafuni, na filamu ikaishia hapo, tukimtazama mgongoni.

Maalim alijifuta macho, akasema vumbi la msasa si zuri kwa watoto. Njiani kurudi nilimsikia mama akimuuliza Maalim, kwa sauti ya chini, kama eda yaweza kuanza pasipo maiti. Maalim alimjibu kwamba hilo ni jambo la kupeleka kwa Kadhi, na kwamba yeye mwenyewe atamsindikiza wiki ijayo. Jioni hiyo sahani ya baba haikupakuliwa. Mama aliiosha ingawa ilikuwa safi, akaifudikiza kabatini. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana, kisha nikaona haya.

Kuhusu sanamu, Maalim aliamua ishushwe. Fundi akaifanya ya kuzuia mlango usijifunge, na Maalim akaahidi atakuwa akipita kuendelea na uchunguzi. Alipita mara nyingi.

Kabla ya safari ya kwa Kadhi, Fundi aliweka kanda nyingine. Sisi tuliketi kama watu walio matangani, maana mtu wetu alikuwa amekufa na tulikuwa tumemwona akifa. Kwenye filamu mlango ukafunguka, akaingia kijana mmoja, nywele amezichana, na alikuwa yeye. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mwigizaji hufa kikazi tu, kisha huenda nyumbani kula. Mwanahawa hakungoja zaidi. Alimtupa twiga wake, akatoka mbio uchochoroni, akipaza sauti mtaa mzima usikie: "Mama! Buda amerudi! Mama, Buda amerudi!"

Nilimkimbilia ili nimnyamazishe, kwa hiyo niliona. Mama, ambaye hakujua Sheng, ambaye neno lile alikuwa amelikataza nyumbani kwake, alitoka jikoni miguu mitupu, kichwa wazi, mikono imejaa unga wa mahamri. Alitupita bila kutuona mpaka getini, na toka getini mpaka barabarani. Sijamwona mama yangu akikimbia kabla ya siku hiyo wala baada yake. Alitazama upande wa steji ya matatu, akatazama upande wa maduka, akarudia tena upande wa steji. Jirani mmoja akamtupia leso mabegani. Uso wake wa wakati ule sitaki kuueleza.

Mwanahawa alimfikia, akamshika gauni, akamweleza kwa furaha: Buda, yule wa kwa Fundi, hakufa bwana, yuko hai, na sasa ana nywele nzuri. Mimi nilingoja kofi lilie. Mama alijifunika leso vizuri, akamshika Mwanahawa mkono, wakaenda mpaka kwa Fundi Mutua. Fundi alisimama kumpisha kiti. Hakukitaka. Aliketi juu ya maranda pamoja nasi akamtazama Buda mpaka mwisho. Fundi, asijue la kufanya, akampa twiga na msasa, naye akamsugua polepole, na yule twiga alitoka mzuri kuliko wote.

Jioni sahani ikarudi chini ya kawa. Maalim alipokuja kumchukua waende kwa Kadhi, mama alimwambia kwa upole kwamba hana haja tena, akamfungia mahamri aende nayo.

Fundi Mutua alisharudi Machakos, na kanda zake ziliota kuvu. Nyumba za Umoja zimepanda juu mpaka jua linafika chini kwa miadi. Mimi naishi mtaa wa Fedha, kwenye nyumba yenye televisheni kubwa kuliko meza ya kulia, na kila mmoja wetu ameinamia simu yake. Ndiko kuinama kulikobaki. Vijana wa leo wana filamu za dunia nzima mfukoni na hawajapata hata mwigizaji mmoja wa kumsugulia twiga. Huwezi pia kuwadanganya kwamba mtu amefufuka, kwa maana wanajua nani amekufa kabla familia yake haijajua. Mimi mwenyewe nilisoma kwenye simu kwamba Buda wetu alifariki zamani, na safari hiyo ilikuwa kweli. Nilikaa kitandani nikahuzunika kama mjinga. Mama sikumwambia. Angeniuliza nina hakika gani.

Mama bado yuko Umoja, nyumba ile ile, magoti yamechoka. Jumapili humpelekea mjukuu wake, ambaye hushuka garini hata sijazima injini, akasukuma geti na kuita, "Shosh, sasa? Buda amefika!" Kwake buda ni mimi, basi. Na kila Jumapili mama huinuka. Hushika ukingo wa kiti, huweka leso sawa kichwani, huja mpaka mlangoni, na hutazama kwanza nyuma yangu, barabarani, kabla ya kunitazama mimi. Kisha husema, "Kumbe ni wewe. Ingia, kuna chakula kimefunikwa."

Siku moja sikuweza kuvumilia. Nilimvuta mwanangu kando ya geti nikamwomba atumie neno lingine, aseme baba, aseme mzee, aseme lolote. Mama alisikia kutoka ndani.

"Mwache aite," alisema. "Daktari kasema nisiketi sana."