Samli Kwenye Mnyororo

Niliupaka mnyororo wa baiskeli samli ya mama. Naanza na hilo kwa sababu mambo mengine yote ya kiangazi kile yalitoka humo, na kwa sababu hata leo mtu akikaanga kitu kwa samli karibu yangu sisikii njaa, nasikia miguu ikitaka kukanyaga pedeli. Wala haikuwa samli ya kijiko kimoja. Nilichota viganja vitatu kutoka kwenye kibuyu kilichoning'inia jikoni kwa ajili ya wageni, yaani wajomba zangu waliokuwa wakitegemewa kutoka Usukumani tangu tuhamie Rujewa, na ambao kwa miaka minne hawakuwa wametokea. Kisha, ili mama asijue, nikajazia maji ya moto. Nilikuwa darasa la sita na nilishafundishwa kwamba mafuta huelea juu ya maji. Baadaye nikachungulia kibuyu, nikaona samli imefika palepale ilipokuwa, nikajipongeza kwa kuzingatia somo la sayansi.

Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, ndefu, nzito kama mlango. Mama ndiye aliyeipata, kwa magunia ya mpunga wake mwenyewe, mwaka wetu wa kwanza wa kuvuna, ili baba awe anaendea malishoni. Baba aliipanda mara mbili akaanguka mara tatu, maana mara moja alianguka akiwa bado anaisukuma. Akasema ng'ombe hufuatwa kwa miguu, akaiegemeza ghalani, na kutu ikaanza kazi yake. Mwaka huo, mpunga ulipoisha kuvunwa, ikaja habari kwamba mzee mmoja wa Ubaruku, anayesimamia mashine ya kukoboa, anatafuta baiskeli na yuko tayari kutoa mtamba wa ng'ombe. Baba akapeleka jibu kwamba wataonana akirudi kutoka bondeni na mifugo. Hapo ndipo nilipoitaka. Miaka yote imekaa ghalani sikuitazama, lakini niliposikia inaondoka niliona kama ninanyang'anywa mguu.

Na miguu ndiyo ilikuwa shida yangu. Mtoto wa mwisho kwenye nyumba yenye maziwa mengi, unaweza kukisia. Shuleni kila asubuhi tulikimbia mchakamchaka huku tukiimba, na mimi wimbo niliuweza, mbio sikuziweza. Nilikuwa na kichuguu changu karibu na mfereji mkubwa. Wenzangu wakifika hapo mimi najibanza nyuma yake, nakula karanga, wakirudi naungana nao nikiwa naimba kuliko wote. Siku moja wakarudi kwa njia nyingine. Walishafika shuleni, wakahesabiwa, wakaingia darasani, mimi bado niko nyuma ya kichuguu nawasubiri. Lugano, jirani yangu wa dawati, mtoto wa Tukuyu mwenye maneno kuliko radio, ndiye aliyetumwa kunitafuta. Alinikuta, akakaa chini, akacheka mpaka akamaliza karanga zangu. Tangu siku hiyo akaniita Gunia, na shule nzima ikamfuata.

Basi nikaitoa baiskeli ghalani. Mnyororo ulikuwa umeganda, hausogei mbele wala nyuma, na duka la ushirika lilikuwa na mafuta ya taa na chumvi tu. Nikawaza kama Msukuma. Mama anapaka samli kwenye ngozi kavu, ngozi inalainika. Anapaka kwenye visigino vilivyopasuka, visigino vinalainika. Chuma ni nani hata kikatae? Na kweli hakikukataa. Mnyororo ulizunguka bila kelele, nikachomeka mguu chini ya lile bomba la katikati, maana kitini nilikuwa sifiki, nikaondoka nimejipinda kama mtu anayeumwa kiuno.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Siku ya pili jua likaipasha samli joto, harufu ikatoka, na mbwa wa Rujewa wakapata habari. Walianza wawili. Kufika kwenye mashine ya kukoboa ya hapo kwetu walikuwa watano, na kila ninapopunguza mwendo mmoja ananusa mnyororo na mwingine ananusa shavu la mguu wangu. Sijui kama kuna mwalimu wa michezo duniani anayeweza kumfundisha mtu kwa namna ile. Nilikanyaga pedeli mpaka nikaona nyota mchana, nikapita nyumba ya mwisho, nikapita majaruba ya mpunga, mbwa wakachoka, mimi nikaanguka mferejini kwa hiari yangu. Kesho yake nilikwenda mbali zaidi kabla ya kuanguka. Vumbi na pumba vilinata kwenye samli, mnyororo ukawa kama umepikiwa ugali, kila jioni naukwangua kwa kijiti, na ukikauka naongeza kiganja. Kibuyuni nako naongeza maji.

Sikutegemea kuipenda. Nilitegemea kuiendesha tu kabla haijaondoka, basi. Lakini wiki ya tatu nilifika kitini, na mbwa wakabaki nyuma mapema, nikajikuta peke yangu kwenye njia ya Ubaruku saa kumi jioni. Mpunga ulishavunwa, mashamba yamebaki mabua, yangeyange wamesimama juu ya migongo ya ng'ombe kama wamepangiwa zamu. Upepo uliingia ndani ya shati ukatokea mgongoni. Nikasikia moyo unapiga, lakini haupigi kwa kulalamika, unapiga kama mtu anayetwanga akiwa na furaha. Nikazunguka nikarudi, na kesho nikaenda tena, bila sababu.

Kwenda bila sababu kulizua maneno. Kwetu baiskeli ni punda. Inabeba mpunga, inabeba maziwa, inabeba mgonjwa. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye macho ya mwewe, alinisimamisha siku moja barabarani.

"Wewe Masanja, baiskeli tupu hivyo unaipeleka wapi?"

"Naitembeza tu, mzee."

"Kwani inaumwa?"

Alikwenda moja kwa moja kwa mama kumwambia kwamba ama mtoto wake ametumwa na watu wabaya, ama kuna msichana, ama kichwa kimeanza. Nami nikapata akili nyingine, ndugu ya ile ya maji ya moto. Nikachukua gunia, nikalijaza pumba za mpunga, nikalishona mdomo, nikalifunga kwenye keria. Linaonekana gunia zima la mpunga, kumbe uzito wake ni wa paka aliyekonda. Ghafla nikawa kijana mwema. Akina mama walinipisha njiani. Wazee waliitikia shikamoo yangu kwa sauti nene. Balozi akarudi kwa mama kunisifu kwamba nachapa kazi, kila siku napeleka mzigo Ubaruku. Kwamba mzigo huohuo unarudi kila siku, hilo hakuliona. Mama alimsikiliza, akamshukuru, akaendelea kupepeta mchele wake. Mimi nilisema moyoni kwamba mama naye hajaona. Jioni ile aliniambia tu kwamba siku hizi nikileta maji siweki ndoo chini njiani.

Shuleni niliacha kichuguu. Sikutangaza, nilikipita tu nikikimbia, na Lugano aliyekuwa amezoea kunigeukia na kucheka aligeuka akanikuta ubavuni kwake. Akasema, "Gunia limetoboka." Nikamwambia aangalie mbele asije akajikwaa, na sikuwa na haja ya kuvuta pumzi katikati ya maneno.

Baba alirudi mvua zilipokaribia, na siku ya tatu yule mzee wa Ubaruku akaja na mtamba wake, mwekundu, mzuri, lazima niseme. Mimi sikuwa nimeambiwa siku. Nilitoka kwenye mzunguko wangu, nimelala juu ya usukani, gunia la pumba nyuma, mbwa watatu wenye moyo bado wananifuata, nikaingia uani kwa kasi nikafunga breki mbele ya miguu yake. Niliposhtuka kuona ni nani, nilikuwa nimeshachelewa. Kiangazi kizima nilikuwa nimepanga kwamba siku atakayokuja nitaiendesha kama kilema, nitajiangusha, nitasema gurudumu limepinda. Badala yake nilimwonyesha baiskeli bora kuliko zote za bonde letu la Usangu. Mzee akalitazama gunia, akanitazama mimi. Akamwambia baba kwamba hajaona kitu kama hicho, gunia zima la mpunga na kijana hata hahemi. Akasema, "Mimi nimemaliza. Mtamba huyo." Baba, ambaye hakuwahi kuipenda baiskeli ile hata dakika moja, alikuwa ameshaanza kumpapasa mtamba shingoni. Lakini alijua mpunga ulioileta ulikuwa wa nani. Akamgeukia mama, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, akamwambia, "Mama Masanja, neno ni lako." Mimi nilishika usukani kwa mikono miwili nikatazama chini. Mbwa walikuwa wanalamba mnyororo, na hakuna aliyewafukuza.

Kabla sijasema alichojibu, niseme nilipo. Sasa niko kidato cha pili, Iringa, bweni, kwenye mji ambao kila njia ni mlima, na ya kurudi pia, sijui waliupangaje. Huku baiskeli hakuna, kuna mchakamchaka kwenye baridi ya kutoa moshi mdomoni, na ninamaliza wa tatu au wa nne, wakati mwingine wa pili kama kiranja ana mafua. Wenzangu wanadhani nilizaliwa hivi. Nikiwaambia niliwahi kuitwa Gunia wanaona nawatania, na kwa kuwa huwa nawatania kweli, siwalaumu. Tumepewa viatu, tumepewa filimbi, tumepewa ratiba ya mazoezi ukutani. Ni vizuri. Lakini hakuna anayekimbia hapa kwa sababu tu upepo uko njiani, na nikipanda mlima wa mwisho, ule wa nyuma ya bwalo, huwa navuta hewa puani nikitafuta samli. Napata moshi wa kuni na uji.

Mama aliweka ungo chini. Alikuja mpaka kwenye baiskeli, akagusa mnyororo kwa kidole kimoja, akakinusa kile kidole, akakifuta kwenye kanga bila haraka. Hakunitazama mimi, wala baba. Alimtazama yule mgeni, kwa heshima zote, akasema:

"Shikamoo, mzee, na utusamehe kwa safari yako. Hii haitoki. Imekula samli yangu kiangazi kizima, na mimi sijaipanda hata mara moja. Masanja, shusha hilo gunia la pumba, nipande."