Hodi Kwenye Pazia la Sega

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, ndipo anisikilize. Mimi ni mwanamke wa sokoni, naishi kwa mdomo, na naweza kukuuzia pazia hata kama nyumba yako haina dirisha. Lakini haya ninayokusimulia sikuyapamba hata kidogo. Yalinipata mimi mwenyewe, hapahapa Kariakoo, ghorofa ya tatu.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Mwanahawa, mama mtu mzima wa Kindengereko, kwenye fleti ya zamani nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Mumewe, Mzee Shomari, akafariki. Watoto wao wawili, mmoja yuko Mtwara na mwingine Muscat, walikuja wakazika, wakarudi makwao. Bi Mwanahawa akaingia eda. Mimi ni Mkristo wa Songea, mambo hayo nilikuwa nayajua kwa mbali tu: mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila dharura, na wanaume wa nje hawamwoni. Sasa mbele ya dirisha letu la sebuleni kuna stoo ya mabegi, na vijana wanaopanga mizigo huko juu wanatazamana nasi uso kwa uso. Tukaning'iniza mapazia mazito ya mahameli, nyumba ikawa giza mchana kutwa.

Nilikuwa namwendea sokoni, nampikia, na yeye ananilipa kwa maneno. Mngoni na Mndengereko ni watani toka enzi za mababu, na kwa mtani hakuna kununa. "Mngoni wewe," ananiambia, "samaki huyu umempika au umempiga?" Namjibu kwamba kwao wanapika kwa uvivu kwa sababu maji ya Rufiji yanawaletea kila kitu mlangoni. Tukicheka hivyo, hata msiba ulikuwa unapumua kidogo.

Eda ikaisha. Nikangoja mapazia yafunguliwe, hayakufunguliwa. Nikangoja ashuke chini kuota jua, hakushuka. Mwanawe wa Mtwara akapiga simu: "Mama, siku zimetimia, toka tu." Akamjibu, "Najua, baba," akakata simu, akageukia ukutani. Chakula kikawa tonge mbili, halafu moja. Daktari akaja, akasema hana ugonjwa. Lakini siku niliyomchokoza kuhusu maji ya Rufiji naye asinijibu, hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Yule mama alikuwa anazimika mbele ya macho yangu, na nilikuwa nampenda.

Mimi dawa niijuayo ni moja: pazia. Katika duka ninakouza mapazia kulikuwa kumeingia zile tunazoziita blaindi za sega. Ukizitazama kwa ubavuni, kitambaa kimejikunja vijumbavijumba kama sega la nyuki, na hewa inayokaa mle ndani inazuia joto la jua. Zipo za kuziba mwanga kabisa, zipo za kuupitisha umechujwa. Kwa chumba cha kulala cha mlinzi wa usiku nitakuuzia zile za kuziba. Kwa Bi Mwanahawa nikachagua za kupitisha mwanga, rangi ya maziwa, tena zile zinazoshuka kutoka juu pia. Yaani unafunga chini, vijana wa stoo wasione kitu, huku juu umeacha nafasi ya anga. Nikapima upana wa dirisha juu, katikati na chini, nikachukua kipimo kidogo kuliko vyote, kwa sababu kuta za fleti hizi hazijanyooka, usije ukadanganywa. Fundi akaja alasiri, akatoboa, akafunga, akaondoka.

Sebule ikajaa mwanga laini, rangi ya uji wa ulezi. Bi Mwanahawa akatoka chumbani kwake akiwa ameshika ukuta, akasimama, akatazama.

"Umeniletea sega," akasema. "Asali iko wapi?"

Ulikuwa utani wake wa kwanza baada ya muda mrefu, na nusura nilie. Akarudi kulala.

Magharibi ilipoingia, adhana imekwisha na stoo imefungwa, nilikuwa nimekaa sakafuni nakunja yale mahameli yaliyojaa vumbi. Wekundu wa machweo ulikuwa unapiga dirisha. Nikasikia, "Hodi!"

"Karibu!" nikajibu.

Hebu niambie, nani kati yetu aliyelelewa nchi hii asikie hodi asijibu karibu? Mdomo unajibu kabla akili haijavaa viatu. Nilikuwa nimeshanyanyuka kwenda mlangoni ndipo nikatambua kwamba sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka dirishani. Na nimekwambia tuko ghorofa ya tatu. Nje ya dirisha lile hakuna baraza, hakuna ukingo, hata kunguru hana pa kutua.

Nikageuka. Kwenye pazia langu jipya kulikuwa na kivuli cha bibi kizee, kimetulia, kimejitanda kanga kichwani, kimeshika tama. Kimekaa. Kimekaa juu ya nini? Nikaita majina ya watakatifu niliowajua na wengine nadhani niliwatunga. Kisha nikaikamata kamba ya pazia, sijui hata nilitaka kufunga au kufungua.

"Umemkaribisha nani?" Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni pa chumba chake. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikategemea atapiga ukelele. Akatazama kivuli kile, akasogea.

"Iache kamba hiyo," akasema. "Mgeni ukishamkaribisha, humfungii. Nenda kachemshe kahawa." Akavuta kiti hadi dirishani, mtu ambaye siku nyingi hakuwa ameinua hata kikombe, akakaa. "Shikamoo, Bi Tatu."

Na nje, kwenye hewa tupu, sauti ikaitika, "Marahaba, mwanangu."

Niamini, kahawa ile niliichemsha ikamwagika yote.

Usiku ule Bi Mwanahawa akanieleza, na alikula huku akieleza. Kabla ya fleti hii, kiwanja kilikuwa na nyumba ya Kiswahili, na mwenye nyumba alikuwa Bi Tatu. Yeye Bi Mwanahawa alipoolewa alianzia kwenye chumba cha uani cha nyumba ile. Bi Tatu akafiwa na mumewe, akakaa eda, na hakutoka tena mpaka alipozikwa. Baadaye nyumba ikavunjwa, ghorofa ikapanda. "Kumbe bado yupo," akasema kwa upole, kama mtu aliyekutana na jirani sokoni.

Wiki ile yote mgeni alikuja kila magharibi. Mimi nilivaa rozari shingoni na nyingine nikaiweka mfukoni, ya akiba. Ningeweza kuhama, na ukiniuliza kwa nini sikuhama nitakwambia ukweli: Bi Mwanahawa alikuwa anakula. Alikuwa ananyanyuka mwenyewe, anapiga vumbi kiti cha dirishani, anauliza kama kahawa ipo. Nikasema basi, ngoja niogope hivyohivyo. Lakini moyoni nilikuwa na swali moja lililoninyima usingizi: huyu bibi amekuja kumrudisha mwenzake, au kumchukua?

Jibu nililipata jioni moja nikiwa nimebeba sinia la kahawa. Nilisikia sauti ya dirishani ikisema, "Basi tunangojana tu hapa, mwanangu, mimi na wewe." Nikaona giza. Nikaweka sinia chini, nikasimama kati ya kiti na pazia.

"Wewe bibi!" nikasema. "Kama umekuja kumchukua, nichukue mimi kwanza. Na mimi nakula sana, utajuta!"

Kivuli kikacheka. Haki ya Mungu kilicheka, mabega yakatikisika kwenye vile vijumba vya sega. Mkono ukainuka, mwembamba, ukaninyooshea kidole kupitia pazia. "Mwanahawa, mtani wako huyu hapa. Unangoja nani?"

Bi Mwanahawa akainama, akaanza kulia. Nikapiga magoti mbele yake, nikamuuliza alikuwa anangoja nini muda wote huo.

"Mjane hajitoi mwenyewe," akasema. "Kwetu wanakuja wanawake wa ukoo. Wanakuogesha, wanakuvika kanga mpya, wanakushika mkono, wanakuvusha kizingiti. Wangu wako mbali. Na waliopo hapa mjini, kila mmoja amedhani mwenzake amekuja."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kutolewa hakuombwi, mwanangu. Utaombaje watu wakukumbuke?"

"Na Bi Tatu?"

"Wanawe walikuwa wanagombea kiwanja. Hakuna aliyeingia kumshika mkono."

Sheikh atakwambia siku zikitimia eda imekwisha, na Bi Mwanahawa alilijua hilo kuliko mimi. Lakini kujua kwamba mlango uko wazi si sawa na mtu kuja kukuita. Na pale penye pengo la ndugu, mtani ndiye anayeingia; hata sisi Wangoni tunajua hivyo, msibani mtani hana mlango uliofungwa kwake. Mimi nilikuwa nalala ukuta wa pili, nikidhani kazi yangu ni kupika samaki.

Asubuhi yake nikaenda kununua kanga, doti mbili. Moja nikamvika Bi Mwanahawa baada ya kumwogesha, huku nikimwambia kwamba Mndengereko akioga maji ya bomba atapata mafua. Akanitukana vizuri. Doti ya pili nikaitandika kwenye ukingo wa ndani wa dirisha. Nikapandisha blaindi yote hadi juu, nikafungua vioo, kelele za Kariakoo zikaingia ndani pamoja na jua. Nikamshika mkono kizingitini.

"Bi Mwanahawa, toka," nikasema. "Na wewe Bi Tatu, toka. Eda yenu imekwisha, na mimi mtani wenu ndiye ninayewatoa."

Akavusha mguu. Tukashuka ngazi polepole. Alitaka kunawa uso baharini, kama mama yake alivyofanya alipotoka eda, kwa hiyo tukachukua bajaji kwenda Magogoni. Tumekaa nyuma wawili, dereva akageuka kabla ya kuondoka, akamwambia Bi Mwanahawa, "Mama, sogea kidogo, bibi mwenzako akae vizuri."

Sikumuuliza ni bibi gani. Bi Mwanahawa pia hakuuliza. Alijivuta tu kwangu, akaacha nafasi, na safari nzima mpaka Posta, mpaka Magogoni, nafasi ile ilibaki hivyo. Tuliposhuka dereva akasema kanga ya yule bibi ni nzuri. Bi Mwanahawa alinawa uso pale majini karibu na pantoni, watu wanapita na ndoo za samaki, akacheka kwa sababu wimbi lilimlowesha mpaka magotini. Tuliporudi nyumbani, doti ya pili haikuwepo dirishani. Mwizi gani atapanda ghorofa ya tatu kwa ajili ya kanga?

Tangu siku ile kivuli hakijarudi. Bi Mwanahawa sasa anashuka sokoni mwenyewe, anachagua samaki, na anawaambia wauzaji wasiniuzie mimi maana nitawaaibisha. Watoto walikuja Idi, wakamkuta mnene kidogo. Blaindi ipo palepale. Mijusi inapenda kuingia kwenye vile vijumba, na vumbi la Kariakoo unalijua. Nalipuliza kwa drai ya saluni, upepo wa baridi, kisha brashi laini. Magharibi nafunga chini na kuacha juu wazi kiasi cha viganja viwili. Bi Mwanahawa haniulizi kwa nini.

Nami nakuonya, wewe unayenisikiliza. Ukisikia hodi magharibi, tazama kwanza imetoka wapi. Lakini ukishasema karibu, simamia neno lako. Na kama ndani kwenu kuna mtu aliyefiwa, usikae ukihesabu siku ukadhani hesabu ndiyo itakayomtoa. Nenda umshike mkono, hata kama wewe si ndugu. Siku hizi mteja akija dukani namuuliza upana wa dirisha, namuuliza urefu, kisha namuuliza ndani kuna nani. Wengi wanacheka. Juzi mmoja hakucheka. Alisema kuna mama yake, hajatoka muda mrefu. Nikafunga duka, nikamwita Bi Mwanahawa, tukaenda.