Mama wa Mtandio wa Kijani na Majina Niliyomwandikia

Kabla hujanicheka, jua kwamba haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, tumbo limeshiba wali na akili iko mahali pake. Sikusimuliwa na mtu. Najua sifa yangu hapa Garissa. Mimi ni muuza nyama ya ngamia, na mteja akiniuliza ngamia alikuwa mkubwa kiasi gani, humwambia alikuwa akipita chini ya nyaya za umeme akiinama. Lakini leo sitii chumvi. Wallahi, natamani ingekuwa chumvi.

Nyama ni kazi ya asubuhi. Alasiri mimi ni mtu wa kiini macho. Harusini na siku za kufunga shule huitwa nikatoe yai kwenye sikio la mzee, nikate kamba na kuiunga, watu wafurahi, nile, nirudi nyumbani.

Nilichelewa kusoma. Kalamu niliishika nikiwa tayari na ndevu, katika darasa la usiku, na mtu aliyepata herufi kwa shida namna hiyo hawezi kuona jambo akaliacha bila kuliandika. Basi nilinunua daftari la jalada gumu, nikaligawa kwa rula. Mbele, mawazo ya michezo mipya. Katikati, maonyesho: wapi, sherehe ya nani, mchezo gani, nani alipanda jukwaani kunisaidia, watazamaji walifanya nini. Nyuma, makosa, na hapo kurasa zilijaa haraka kuliko kwingine. Unashangaa? Ukifanya kazi hii bila daftari utawaonyesha watu wale wale yai lile lile, na watakufukuza nalo mkononi.

Mchezo wangu mkubwa ulikuwa jina la majivu. Mtazamaji anapanda, anaandika kwenye karatasi jina la mtu ampendaye, anaikunja. Mimi huichungulia kwa namna ambayo sikuambii, nageuka kutafuta kibiriti, na hapo nalichora jina hilo mkononi kwa kipande cha sabuni. Karatasi inachomwa mbele ya watu. Najipaka majivu yake, na jina linajitokeza jeusi kwenye ngozi. Niamini, nimeona wazee wakisimama na kudondosha bakora.

Sasa sikiliza. Mwaka juzi niliitwa Eldas, kwenye harusi ya mtoto wa Adeer Bulle, yaani Ami Bulle, mfanyabiashara wa mifugo. Nikaita mtu apande. Akaja mama mmoja wa makamo, mtandio wa kijani, kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakina ncha. Kwetu wanawake hukaa upande wao, kwa hiyo nilisema moyoni, huyu jasiri. Nikampa kalamu. Akaikataa.

"Mimi sikusoma, walaal, ndugu yangu. Majina ninayo, mkono wa kuandika sina. Niandikie wewe."

Akanong'ona, nikaandika. Na kusema kweli nilifurahi! Nilikuwa na haja gani ya kuchungulia tena? Watu walicheka mpaka hema likatikisika. Jioni nikaingiza kila kitu mahali pake kwenye daftari: "Eldas. Jina la majivu. Mama wa mtandio wa kijani, kidole hakina ncha, hajui kuandika, nimemwandikia. Jina: Habiba Dheer. Watu wamecheka sana, sijui kwa nini."

Baada ya hapo nilikwenda Banissa kwenye sherehe ya kufunga shule, halafu Sangailu, harusi tena. Huko kote nilifanya jina la majivu, huko kote nikaandika. Lakini unajua mtu anavyoandika kila siku bila kurudi kusoma? Ndivyo nilivyokuwa.

Miezi saba ikapita. Adeer Bulle akanipigia: mtoto wa pili anaoa. Nikafika Eldas mapema, nikaketi nyuma ya hema na daftari langu nione mwaka ule niliwaonyesha nini, nisirudie. Nikafungua sehemu ya maonyesho. Eldas: mama wa mtandio wa kijani, kidole hakina ncha. Nikageuza ukurasa. Banissa: mama wa mtandio wa kijani, kidole hakina ncha, hajui kuandika. Sangailu: huyo huyo. Mwandiko wangu, wino wangu. Kutoka Banissa hadi Sangailu ni mwendo wa siku nyingi, Banissa iko mpakani na Sangailu iko huko chini kabisa. Nani angenifuata mbali hivyo kwa sababu ya yai? Na kila mahali nilikuwa nimeandika: watu wamecheka, sijui kwa nini.

Nikamwita Adeer Bulle. Nikamuuliza yule mama aliyepanda siku ile ni wa nani.

"Mama gani?"

"Aliyenipa jina. Jina la Habiba Dheer."

Akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa. "Wewe, hakuna mtu alipanda. Ulisimama peke yako, ukaongea peke yako, ukaandika jina mwenyewe, ukachoma mwenyewe, halafu ukatuonyesha jina lile lile. Sisi tulisema huyu leo anafanya mzaha. Tulicheka mpaka mbavu zikauma." Kisha akaongeza: "Habiba hakumaliza wiki ile. Alikuwa mzima, anakamua mbuzi, akaanguka. Inna lillahi."

Nilipiga simu Banissa, kwa mwalimu aliyenialika. Nikamtajia jina nililoandika kule: Adan wa Pampu. Akasema, "Marehemu Adan? Alifariki wiki ile ile uliyokuja. Kwani ulimjua?" Simu ya Sangailu niliipiga nikiwa nimekaa chini mchangani. Jibu lilikuwa lile lile, wiki ile ile ya harusi, msichana wa miaka kumi na tisa.

Ningeweza kuondoka. Kwa nini sikuondoka? Wageni walikuwa wamekaa, na Adeer Bulle alisema, fanya kamba, fanya mayai, hilo jina liache. Nikaona sawa, nisipoita mtu, nani atapanda?

Alipanda bila kuitwa. Nilikuwa na kamba mkononi, jua la alasiri linapita kwenye matundu ya hema, na alikuwa amesimama mbele yangu na mtandio ule. Mtu wa kugawa chai alikuja na birika lake akapita palepale aliposimama yule mama, kama unavyopita mlangoni, wala tone halikumwagika.

"Nimekuletea jina, walaal," akasema. "Andika Halima Dagane."

Halima Dagane ndiye mama yangu.

Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati. Nakuapia, mkono wangu ulikuwa umekwisha kuifikia kabla sijaelewa, kwa mazoea tu. Nikaushika mkono huo kwa mkono wa pili.

"Siandiki," nikasema kwa sauti.

Nyuma yake watu wakaanza kucheka. Hapo ndipo nilipojua kile kicheko kilikuwa nini. Waliona mtu mzima anajishika mkono na kubishana na hewa.

"Watatu uliwaandika bila kuuliza," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema polepole, kama mtu anayedai zamu yake. "Huyu ana nini?"

"Ndiye aliyenizaa."

"Na wale walizaliwa na nani?"

Nilichukua kalamu nikaitupa kwenye jiko la makaa la kuchemshia chai. Plastiki ikanuka, watu wakapiga makofi wakidhani mchezo umeanza. Yule mama akaitazama ikiyeyuka.

"Nitangoja," akasema. "Mtu aliyesoma hakai bila kuandika."

Akashuka kuelekea upande wa wanawake. Nilimfuata kwa macho mpaka akakaa. Nikafumba jicho mara moja tu, na alipokaa palikuwa na mkeka mtupu.

Mama yangu yu hai, alhamdulillahi, anagombana na majirani kila asubuhi. Lakini mwezi uliopita alinijia na fomu ya kliniki ya macho. Alikuwa amewaambia wenzake barazani kwamba wao watahangaika kutafuta wa kuwajazia, yeye ana mwanawe. Akaniwekea fomu mezani, kalamu juu yake, wenzake wanatazama. Nikaishika. Mstari wa kwanza ulikuwa jina. Nilikaa hapo, jasho linadondokea karatasi, na nilihisi mtu amesimama nyuma ya bega langu akingoja.

"Hooyo," mama akaniambia mwishowe, akiniita kama akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao, kwa sauti ndogo asiyoitumia kamwe, "umesahau jina langu?"

Ningemwambia nini? Nilisema ndiyo, kichwa hakiko sawa. Msichana wa jirani aliijaza. Tangu siku hiyo mama huniletea chai na kunitazama kama anayetazama mgonjwa, na nikimwacha aamini hivyo ni kwa sababu lile lingine ni zito zaidi.

Nawe unayefanya kazi hii, weka daftari, sikukatazi. Andika kamba, andika mayai, andika kosa lako ili usilirudie. Lakini mtu akikuomba umwandikie jina la mwenzake, usiguse kalamu kwanza. Mgeukie aliye karibu, umuulize unamwona huyu? Na ukisikia watu wanacheka na hujui wanacheka nini, acha kuandika hapo hapo, hata kama umebakiza herufi moja.