Vitufe vya Mkono Mmoja

Baldomero aliporudi kazini Paysandú, mji wa kando ya mto nchini Uruguay, baada ya kiharusi, mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umelala. Aliuinua kwa mkono wa kulia, akaulaza pajani taratibu kama mtoto wa wenyewe. Ukungu wa mto ulikuwa umesimama madirishani, na kila kitu kilimjia polepole, kana kwamba hajaamka sawasawa.

Wenzake walimpokea kwa sauti za wodini. "Pole, mzee." "Taratibu, mzee." Zile pole zilimchosha kuliko ugonjwa. Mtu aliyechora maghala ya nafaka ya nusu ya mkoa, leo anabembelezwa kama mwali! Lakini hofu yake hasa ilikuwa hii: mchora ramani za majengo huongoza kipanya kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto hutoa amri kwenye kibodi. Mwenye mkono mmoja atachora nini?

Akawasha kompyuta. Vitufe vya kwenye skrini vilikuwa vimehama. Alivyovihitaji vilijipanga upande wa kulia, vikubwa, na kibodi haikuhitajika tena. Akajaribu ukuta, akajaribu mlango. Mistari ikateleza kwenye skrini nyeusi, na kwa muda akasahau alipo. Akajiona yumo ndani ya nyumba ile anayoichora, anapita chumba hadi chumba, akipapasa kuta kwa mikono yote miwili.

Alipozinduka, hasira zilimpanda. Huruma hii! Wamemtengenezea kompyuta ya kilema.

Akahamia kiti cha mchoraji mwenzake, Wilmar, aliyekuwa ametoka kwenda kuchemsha maji. Vitufe vile vile. Meza ya pili, vile vile. Akamwendea Zulma, msimamizi wa mitambo.

"Zulma, umefanya nini?"

"Nimekupangia vitufe, nikauweka mpangilio kwenye mtandao wa ofisi. Kompyuta zote zinausoma huo huo. Nilitaka ukiketi popote uwe kwako."

"Kwa hiyo ofisi nzima ichechemee kwa ajili yangu?"

"Nani anachechemea?" Wilmar aliingia, chupa ya maji moto kwapani, mkononi kibuyu cha mate, ile chai ya kwao inayonyonywa kwa mrija. "Mzee, siku hizi nachora huku nakunywa. Mkono huu kipanya, huu kibuyu. Mkivirudisha vya zamani tutakosana!"

Wote wakacheka isipokuwa Baldomero. Huruma nayo hujua kucheka, akawaza. Akarudi kuchora, mpaka jioni akanung'unika, "Kitufe cha kufuta kimekaa pabaya. Aliyekipanga ana mikono miwili."

"Basi kihamishe mwenyewe," Zulma akasema, akamfungulia ruhusa ya kubadili mpangilio wa wote. Baldomero akakihamisha, na pale kilipokuwa akaweka cha kunakili.

Asubuhi yake Wilmar alipiga ukelele.

"Mwendawazimu gani kahamisha kitufe? Nafuta jiko, linazaana! Nyumba ya mteja ina majiko matatu!"

"Mimi," Baldomero akasema. "Zoea."

"Wewe mzee ni balaa! Ungetuambia basi! Unadhani ofisi ni ya mama yako?"

Zulma akamkazia Wilmar macho, na Wilmar akakumbuka anasema na nani, akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

Machozi yalimtiririka Baldomero, wala hakuyafuta. Tangu augue, hakuna aliyekuwa amethubutu kumfokea.

"Usinyamaze, bwana," akasema. "Endelea."