Ukungu Waitishiwa Kikao

Mwalimu wa baiolojia, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Bibi Kuvu, alikuwa mjane mpole asiyependa makuu. Balaa lilimfika siku alipoingia darasani na makopo mawili yenye mkate ulioota ukungu.

“Huu mweusi,” alieleza, “spora zake, yaani mbegu ndogo kama vumbi, hukaa ndani ya kifuko. Kikipasuka, zinapeperuka. Huu wa kijani hauna kifuko. Spora zake zinaitwa konidia, zimejipanga nje, kwenye ncha za nyuzi zake, kama shanga. Kila moja inaweza kuota na kuwa ukungu mpya. Huo ni uzazi usiohitaji dume wala jike.”

Binti mmoja alifika nyumbani akamsimulia baba yake. Kwa bahati mbaya, baba mtu ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Asubuhi alitinga kwa mkuu wa shule, mishipa ya shingo imemsimama.

“Mabinti zetu wanafundishwa kuzaa bila mume!”

“Ni ukungu, mzee wangu,” akasema mwalimu, aliyekwisha kuitwa ofisini.

“Leo ukungu, kesho nani?”

Mkuu wa shule, aliyeiogopa kamati kuliko radi, akaitisha kikao cha wazazi. Mama mmoja akauliza kama hamira nayo ina tabia hizo. Mwalimu hakujua kudanganya.

“Hamira huchipua, mama. Seli moja inatoa kichipukizi, kinakua, kinajitenga na kuanza maisha yake.”

“Na sisi tunaila!” mama akashika kifua.

Mwenyekiti akadai kuona ushahidi, makopo yakaletwa. Mwalimu akamsihi asifungue kopo la kijani. Mwenyekiti akalifungua, akaliinamia, akapiga chafya ya nguvu. Vumbi la kijani likamtapakaa usoni na kwenye suti yake nyeusi.

“Ndivyo zinavyosambaa,” ikamtoka mwalimu, kwa mazoea ya kazi. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu alijua kibarua chake kimeota nyasi.

Lakini kamati ilitoa azimio moja tu: neno “uzazi” lisitamkwe, na kuanzia sasa kuvu “waongezeke kwa heshima.”

Jioni dada yake akampigia simu. “Wamekufukuza?”

“Wala. Wamenipa msamiati.”

Wakacheka hadi machozi. Kesho yake alifundisha alivyoagizwa, bila kutabasamu. Darasa zima lilivunjika mbavu, na hakuna somo walilolishika vizuri kama lile.