Kiunzi Kilichokataa Kuanguka

Hadi leo nikipita njia ya Ikoma naangalia pembeni, kwa aibu niliyojitengenezea kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa plastiki hapa Bomani, Tarime. Ndoo, madumu, viti, vyote nayeyusha na kuziba (na nilikuwa sijawahi kurudishiwa kazi, naomba mjue). Shemeji yangu Chacha, anayetunza farasi kwenye kambi moja ya watalii kule Ikoma, akaniita nikatengeneze viunzi vya plastiki ambavyo farasi huviruka, na meneja wao, mama mmoja mkali kidogo, akaahidi nikifanya vizuri kazi zote za plastiki pale ni zangu. Niliitaka ile kazi, jamani!

Nikaunga miguu ya viunzi iliyovunjika, nikaziba vishikio vilivyopasuka, nikalaza ufito juu yake. Nikaugusa kwa kidole, ukaanguka. Nikaurudisha, ukaanguka tena. Nikasema huu ni ufundi gani? Chacha alikuwa amepeleka farasi kunywa maji, wa kumuuliza hayupo, basi nikayeyusha kipande cha dumu, nikaugandisha ule ufito kwenye vishikio pande zote mbili, halafu nikauning'inia kupima.

Mama akapanda farasi ajaribu, wageni wanakunywa chai wakitazama. Farasi akaruka, mguu wa nyuma ukagonga ufito, ufito ukagoma kuachia, kiunzi kizima kikamnasa, mama akaangukia mchangani, farasi akatimua mbio akikiburuta kama jembe la ng'ombe hadi kwenye meza za chai, na mimi (mtoto wa Nyanungu, nimekulia kwenye ng'ombe) nikamkimbiza kwa miluzi ya kuswagia, kumbe ndiyo namwongezea mbio!

Kiunzi kikachomoka chenyewe. Namshukuru Mungu, farasi mzima, mama mzima, vikombe ndiyo usiulize.

"Fundi, umeugandisha huu?" mama akauliza, akijipangusa mchanga.

"Ndiyo mama, hata trekta haliwezi kuung'oa," nikajibu kwa fahari, aisee, nikidhani nasifiwa.

Akaenda kwenye kiunzi kingine ambacho sikukigusa, akasukuma ufito kwa kidole, ukaanguka. "Unatakiwa kuanguka, ili farasi asivunjike mguu."

Chacha, aliyekwisha kurudi, akaninong'oneza, "Shemeji, umenimaliza." Nikapewa msumeno niukate ule ufito mbele ya wageni wote, nikakata mpaka jasho likanitoka, na kazi ikaishia hapo.

Nimeapa sitengenezi kitu kabla ya kuuliza kikiwa kizima hufanyaje. Juzi mama mmoja kaniletea beseni, nikamuuliza. Akanitazama, akachukua beseni lake, akaenda kwa fundi wa jirani.